Nina sanduku zima la risiti za mkahawa. KRA watanipunguzia ushuru?

"Assalam aleikum. Nina mkahawa mdogo hapa Lamu, Mkomani. Napika samaki, wali wa nazi, biriani siku ya Ijumaa, na juisi. Mauzo yangu kwa mwezi ni kama 300,000. Msimu wa wageni yanapanda, mvua za masika yanashuka. Nikishalipa kila kitu nabaki na elfu 50 hivi. Kila mwezi nalipa KRA asilimia 3. Jirani yangu ananiambia niweke risiti zote, za mchele, punda, stima, hata karo ya watoto na friza niliyonunua 90,000, halafu KRA watanirudishia. Sasa nina sanduku limejaa. Wavuvi hawana risiti, naandika mwenyewe kwenye daftari. Na sisi tunaishi ghorofani, mkahawa uko chini. Ni gharama gani naweza kutoa, na nifanye nini zikubaliwe?"

Waaleikum salaam, dada. Niruhusu nianze na jambo ambalo jirani yako hakukwambia, kwa sababu ndilo linaloamua kama sanduku lako lina kazi yoyote mbele ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya: hiyo asilimia 3 unayolipa haitazami gharama hata moja.

Unacholipa ni ushuru wa mauzo, ule tunaouita TOT. Unawahusu wenye biashara ambao mauzo yao ya mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayajapita milioni 25. Kiwango kilikuwa asilimia 1 hadi Julai 2023, kikapandishwa hadi asilimia 3. Unahesabiwa juu ya mauzo yote, kabla hujatoa pesa ya samaki, ya mpishi wala ya punda. Ukiuza 300,000, unalipa 9,000 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwa mauzo hayo umemalizana na ushuru wa mapato. Mwezi uliopata hasara unalipa vilevile. Uliwekwa hivyo ili mtu mwenye biashara ndogo asilazimike kuajiri mhasibu, na kwa wengi unafanya kazi hiyo vizuri. Lakini ndani yake hamna mahali pa kuweka risiti.

Kwa hivyo, kwa jinsi ulivyo sasa, jibu la swali lako ni kwamba huwezi kutoa gharama yoyote. Najua si jibu ulilolitaka. Tuendelee, kwa sababu lipo la pili.

Kabla ya hapo, hili neno la "kurudishiwa" tuliweke sawa. Hata kwa mtu ambaye gharama zake zinakubaliwa, KRA hawamrudishii pesa ya risiti. Gharama inapunguza faida, na ushuru unahesabiwa juu ya faida iliyobaki. Risiti ya mchele ya shilingi 1,000 itakuokolea 300 ikiwa faida yako imefika kwenye ngazi ya asilimia 30, au 250 ikiwa bado uko ngazi ya asilimia 25. Zilizobaki zimetoka mfukoni mwako na hazirudi. Nawasikia watu, hasa Disemba, wakisema wananunua hiki na kile "ili ushuru upungue". Ukitumia elfu moja usiyoihitaji ili uokoe mia tatu, umepoteza mia saba.

Sasa jibu la pili. Sheria ya Ushuru wa Mapato inakuruhusu kujitoa kwenye TOT. Unamwandikia Kamishna kwamba umechagua kutozwa ushuru wa kawaida wa mapato, na huko ndiko gharama zinakohesabiwa. Swali ni kama inakufaa, na hilo halijibiki bila kupiga hesabu. Tuipige kwa namba zako mwenyewe.

Mauzo ya 300,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka. TOT ya asilimia 3 ni 108,000. Upande wa pili, unasema unabaki na 50,000 kwa mwezi, yaani faida ya 600,000 kwa mwaka. Ushuru wa kawaida kwa mtu binafsi unakwenda hivi: 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Laki moja inayofuata inatozwa asilimia 25, ambayo ni 25,000. Zilizobaki, 212,000, zinatozwa asilimia 30, ambayo ni 63,600. Jumla ni 117,400. Hapo unatoa nafuu ya kibinafsi, punguzo la ushuru la kila mlipaji, ya 28,800 kwa mwaka, unabaki na deni la 88,600. Ukilinganisha na 108,000, ungeokoa 19,400.

Kwa mauzo kama yako, pande mbili zinalingana faida ikiwa kama 664,000 kwa mwaka. Faida ikiwa chini ya hapo, ushuru wa kawaida ni nafuu. Ikipanda juu ya hapo, kaa na TOT yako. Ndiyo maana biashara yenye faida nyembamba, kama duka la jumla linalopata shilingi chache kwa kila mfuko wa unga, huumizwa sana na asilimia 3 ya mauzo, na fundi au msusi ambaye gharama zake ni chache huwa anaponea humo.

Lakini usikimbilie kuandika barua bado. Hesabu niliyopiga ina sharti moja kubwa, nalo ni kwamba gharama zako zote zikubaliwe. Na hapa ndipo daftari lako la samaki linapoleta taabu.

Tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliwi, hata kama kila mtu forodhani alikuona ukilipa. Ankara ya eTIMS ni ile inayotoka kwenye mfumo wa KRA, ina jina na PIN (namba ya mlipa ushuru) ya muuzaji, namba za mfumo na ile alama ya mraba ya kuskani. Na ili ikufae wewe mnunuzi, lazima iwe na PIN yako pia. Hili watu wengi hawalijui. Unanunua magunia ya mchele na katoni za mafuta kwa muuzaji wa jumla Mombasa, anakupa risiti safi, lakini imeandikwa kama mauzo ya mteja yeyote tu. Kwenye mfumo wa KRA ununuzi huo hauonekani kuwa wako. Mtajie PIN kabla hajapiga risiti. Akishapiga, kubadilisha ni usumbufu na wengi hukataa.

Na usidhani KRA watasubiri kukutembelea ndipo wajue. Kwa mapato ya mwaka 2025 na kuendelea walitangaza kwamba gharama unazojaza kwenye marejesho, yaani fomu yako ya ushuru, zitalinganishwa na ankara zilizomo kwenye mfumo wao. Nambari isiyokuwa na ankara nyuma yake inajitokeza yenyewe.

Tuseme basi samaki, pweza na kamba unanunua kwa kama 60,000 kwa mwezi, zote za daftari. Ni 720,000 kwa mwaka. Zikikataliwa, KRA hawakuhesabii faida ya 600,000, wanakuhesabia 1,320,000. Ushuru wake, baada ya nafuu, ni 304,600. Umetoka kwenye TOT ukikimbia 108,000, ukaangukia karibu mara tatu yake. Nimeona hesabu za namna hii kwa wenye mikahawa Malindi na kwingineko, na karibu kila mara shimo liko kwenye vitu vinavyonunuliwa ufuoni na sokoni: samaki, nazi, mboga, makaa, barafu.

Je, wavuvi wanaweza kupewa ankara? Wanaweza, na njia yake ipo kisheria tangu mwisho wa 2024. Muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5 si lazima atoe ankara mwenyewe; wewe mnunuzi unaiandika kwenye eTIMS kwa niaba yake, yeye anapata ujumbe kwenye simu, anaikubali, na inahesabika. Anachohitaji ni PIN. Kwa simu ya kawaida, huduma za eTIMS zinapatikana kwa *222#.

Kwa karatasi ni rahisi. Ugumu uko kwa mvuvi. Umemkuta ametua alfajiri, changu na tewa wako ndani ya ndoo, anataka pesa yake akalale, na wewe unamtajia KRA. Atadhani unamchongea. Kwa uzoefu wangu usijaribu kuwashawishi wote. Chagua wawili au watatu unaonunua kwao siku zote, keti nao siku ya bahari mbaya wasipotoka, uwaeleze kwamba kuwa na PIN si kudaiwa, na kwamba ambaye mauzo yake hayafiki milioni 1 kwa mwaka haingii TOT. Kisha jumlisha manunuzi ya wiki kwenye ankara moja ikiwa ni ya mtu mmoja, badala ya kumsumbua kila asubuhi. Na ulipe kwa M-Pesa kwa namba yake, ili malipo na ankara vifanane. Njia hiyo hiyo inafaa kwa mwenye punda na mwenye boti wa Mokowe. Gunia moja la mchele kutoka kituo cha basi Mokowe hadi jikoni kwako limepita mikono mitatu, na kila mkono umelipwa. Mwisho wa mwaka pesa hizo ndogo huwa si ndogo.

Sasa tuingie sandukuni, nikwambie kipi kingekubaliwa kama ungekuwa kwenye ushuru wa kawaida. Kipimo cha sheria ni kimoja: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuleta mapato ya biashara peke yake. Vyakula vya kupika, gesi na makaa, usafirishaji, kodi ya jengo kama umepanga, leseni ya biashara ya kaunti, vipimo vya afya vya wahudumu, sabuni, ukarabati wa meza, yote hayo yanapita. Riba ya mkopo wa biashara inapita, na haihitaji eTIMS; mkopo wenyewe unaourudisha haupiti, kwa sababu haukuwa mapato ulipoupata. Mishahara nayo haihitaji eTIMS, lakini iwe na kumbukumbu zake: nani, mwezi gani, kiasi gani. Anayelipwa hadi 24,000 kwa mwezi hana PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) ya kulipa, maana nafuu ya 2,400 inaimaliza, ila michango ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba haisubiri afike hapo. Waajiri wengi wadogo huko kwetu wanaruka hili mpaka siku wanapodaiwa na adhabu juu.

Karo ya watoto itoe sandukuni leo. Ni matumizi ya familia, hayapiti hata kama mtoto akitoka shule anakusaidia kuosha vyombo. Pesa unazochukua mwenyewe kuwa "mshahara wangu" pia hazipiti. Wewe na biashara yako mbele ya sheria ni mtu mmoja, na faida yote ni yako hata ile uliyoitumia. Hapa nakuomba uangalie tena ile 50,000 unayobaki nayo. Kama ni baada ya kutoa pesa ya nyumbani, karo na nguo za Idi, basi faida yako ya kweli ni kubwa zaidi, na huenda imepita ule mstari wa 664,000. Ikiwa hivyo, TOT ndiyo nafuu yako na maswali mengine yote yanakufa hapo.

Sadaka vilevile. Pilau unayowapikia wageni wakati wa Maulidi, Mungu akulipe, lakini si gharama ya mkahawa. Sheria inakubali michango kwa mashirika ya hisani yaliyopewa msamaha wa ushuru, yenye stakabadhi. Faini na adhabu, za KRA au za kaunti, hazipiti. Wala ushuru wa mapato wenyewe.

Stima ndiyo inawatatiza wengi wanaoishi juu ya biashara. Mita moja, friza ziko chini, feni na televisheni ziko juu. Unaweza kutoa sehemu ya biashara, mradi uwe na kipimo unachoweza kukitetea na usikibadilishe kila mwezi. Andika vifaa vya chini na vya juu, saa zinazotumika, upate sehemu yake, uiweke karatasi hiyo. Mtu akidai asilimia 100 na watoto wanalala juu, afisa hahitaji kuwa mpelelezi. Ukiweza, weka mita ya pili. Itakugharimu mara moja na mjadala utakwisha.

Friza ni habari nyingine. Si gharama ya mwaka mmoja, ni mali itakayotumika miaka. Kwa hiyo huitoi 90,000 kwa mkupuo. Inatolewa asilimia 10 kwa mwaka, yaani 9,000 kila mwaka hadi iishe. Kompyuta ni asilimia 25 kwa mwaka. Kama uliingiza 90,000 zote kwenye hesabu ya kubaki na 50,000, faida yako ya mwaka huo ni kubwa kuliko ulivyodhani kwa 81,000.

Jambo ambalo hukuuliza lakini nalihofia: till yako, ile namba ya M-Pesa unayolipwa nayo. Kama pesa za mkahawa, za mume wako, na za ndugu anayetuma kutoka Saudia kujenga ukuta zote zinapita namba moja, siku KRA wakitazama taarifa ya M-Pesa wataziona zote kuwa mauzo, na mzigo wa kuthibitisha vingine ni wako. Namba ya biashara ibaki ya biashara. Wala usigawanye mauzo kwenye till mbili ili kila moja ionekane ndogo. PIN ni moja, na zinajumlishwa.

Ungeniuliza mimi, ningefanya hivi. Mwaka huu baki kwenye TOT, uilipe kwa wakati. Kuchelewa kupeleka marejesho ya mwezi kuna adhabu ya 1,000, na ushuru uliochelewa unaongezwa asilimia 5 pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Huku unalipa, jaribu kuishi kana kwamba uko kwenye ushuru wa kawaida: taja PIN kila unaponunua, andikisha wale wavuvi wawili watatu, tenga stima, andika mishahara. Mwisho wa mwaka jumlisha zile zenye ankara peke yake na uone faida inasimama wapi. Ikiwa iko chini ya mstari kwa pengo la kutosha, omba kuhama mwaka mpya unapoanza Januari. Kama pengo ni elfu kumi au ishirini kama tulilolipata hapo juu, mimi nisingehama. Utaitumia kwa mhasibu.

Maana ukihama, kazi inaongezeka. Ushuru wa mwaka ukizidi 40,000, unaulipa kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba, salio lake ni kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na marejesho kufikia 30 Juni. Kumbukumbu unazitunza miaka mitano. Faida mojawapo ni kwamba ukipata hasara unaweza kuibeba kwenda mbele, ingawa tangu Julai 2025 haibebwi zaidi ya miaka mitano. Kwa mji unaotegemea wageni, na uliowahi kuona hoteli zikifungwa msimu mzima, hilo si dogo.

Mauzo yakikaribia milioni 5 kwa mwaka, usiendelee na ushauri wa kusoma hivi. Hapo VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, inaingia na hesabu zote zinabadilika. Kaa na mhasibu ana kwa ana. Vilevile kabla ya kuandika ile barua ya kujitoa, nenda ofisi ya KRA au kituo cha Huduma na kitambulisho chako, uwaulize PIN yako imeandikishwa wajibu gani hasa. Nimekutana na watu wanaolipa TOT kwa uaminifu, kumbe kijana wa saiba (duka la intaneti) aliwajazia marejesho ya mwaka kuwa sifuri kwa shilingi mia, na nenosiri analo yeye. Badilisha nenosiri lako wiki hii.

Na ukipokea barua au ujumbe wa KRA unaosema wamekukadiria ushuru, usiukalie kwa hofu. Una siku 30 kutoka siku ya notisi kuwasilisha pingamizi, na ushahidi wake. Hapo mtafute wakala wa ushuru mwenye leseni siku hiyo hiyo, na uende na lile sanduku pamoja na daftari la samaki.